Kadi Haihami kwa Barua ya Uhamisho

Pale Kwa Sadala, ambapo barabara ya kupanda Masama inaachana na barabara kuu ya Moshi na Arusha, kuna duka moja lenye mabenchi mawili ya mbao barazani, na walimu na watumishi wa Wilaya ya Hai hupenda kukaa hapo saa za jioni wakingoja magari. Hapo ndipo niliposikia mazungumzo yaliyonifanya niandike makala hii.

Mwalimu mmoja wa sekondari, kijana mwenye shahada na mwenye kujua kueleza jambo, alikuwa akisimulia kwamba tarehe 29 Oktoba, 2025 alikwenda kituoni na kadi yake ya mpiga kura mfukoni, akatafuta jina lake katika orodha iliyobandikwa ukutani, asilione. Akatafuta tena kwa kidole, mstari kwa mstari, kama anayesahihisha madaftari ya wanafunzi. Halikuwepo. Jina lake liko Tabora, alikoanzia kazi na alikojiandikisha. Alipohamishiwa Hai mshahara wake ulihama, faili lake lilihama, godoro na masufuria vilihama. Jina lake la mpiga kura lilibaki Tabora, kwani hakuna aliyelihamisha, na mwenye wajibu wa kulihamisha alikuwa yeye mwenyewe.

"Lakini Novemba ya mwaka uliotangulia si ulipiga kura hapa hapa kijijini?" mwenzake akamwuliza.

"Nilipiga, na jina langu lilikuwepo."

Wote wakacheka, wakaanza kuilaumu serikali kwa kupoteza majina ya watu. Ndipo mwalimu wa tatu, mtu mzima aliyekaribia kustaafu, ambaye muda wote alikuwa kimya, akasema: "Na hata jina lako lingekuwepo mwalimu, ungemchagua nani?" Kicheko kikakatika. Gari la Boma Ng'ombe likaja, wakapanda.

Ndugu msomaji, katika mazungumzo yale mlikuwa na maswali mawili. La kwanza ni la utaratibu, na jibu lake ni rahisi. La pili ni zito, na mwandishi atakayejibu la kwanza akalikimbia la pili atakuwa amewadharau wasomaji wake. Nitayajibu yote mawili kadiri niwezavyo.

Tuanze na utaratibu. Nimegundua kwamba mkanganyo huu umeenea zaidi miongoni mwetu sisi tuliosoma kuliko miongoni mwa wazee wa vihambani. Upande wa Tanzania Bara kuna madaftari mawili ya wapiga kura, nayo hayasomani. La kwanza ni orodha ya wapiga kura wa uchaguzi wa serikali za mitaa, ambao vijijini huwachagua mwenyekiti wa kijiji, wajumbe wa halmashauri ya kijiji na mwenyekiti wa kitongoji. Uchaguzi huo husimamiwa na Ofisi ya Rais, TAMISEMI, na orodha yake huandikwa upya kila mara. Kwa uchaguzi wa tarehe 27 Novemba, 2024 watu waliandikishwa kwa siku kumi, kuanzia tarehe 11 hadi 20 Oktoba, katika vitongoji na mitaa wanayoishi. Uchaguzi ukiisha, kazi ya orodha hiyo nayo imekwisha.

La pili ni Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, ambalo ni mali ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, chombo kilichopata jina hilo na sheria yake mpya mwaka 2024. Hilo ndilo linalotumika kumchagua Rais, Mbunge na Diwani. Lilianza kuandikwa mwaka 2004 na kutumika kwa mara ya kwanza katika uchaguzi wa Desemba 2005. Kabla ya hapo wananchi waliandikishwa upya kwa kila Uchaguzi Mkuu. Mwaka 2015 ikaja mitambo ya kuchukua picha na alama za vidole. Sheria inataka daftari hili liboreshwe walau mara mbili kati ya Uchaguzi Mkuu mmoja na mwingine, na wakati huo wa uboreshaji ndio mlango wa kila mtu: anayeandikishwa kwa mara ya kwanza, aliyepoteza kadi, mwenye kosa katika jina, na aliyehama. Aliyehama hahitaji kujiandikisha upya. Akijiandikisha mara mbili atakuwa ametenda kosa la jinai. Anachotakiwa ni kwenda kwenye kituo cha kuandikisha cha huko alikohamia, ataje kwamba jina lake liko mahali fulani, lihamishwe, apewe kadi mpya. Katika uboreshaji uliozinduliwa Kigoma mwezi Julai 2024 aliyekwisha kuandikishwa aliweza hata kuanza shughuli hiyo kwa simu ya mkononi, lakini ilimbidi afike kituoni kuikamilisha. Vituo vilikaa wazi siku saba tu katika kila eneo. Siku saba, katika wilaya ambayo mwalimu anaweza kuwa anasahihisha mitihani, hupita kama siku moja.

Hiyo ndiyo habari yote ya mwalimu wetu. Novemba 2024 alipiga kura kwa orodha ya kitongoji. Oktoba 2025 alihitaji Daftari la Kudumu, na humo yeye ni mtu wa Tabora.

Simcheki, kwani nami nimewahi kuwa katika hali hiyo. Mwanzoni mwa mwaka 2010 nilikuwa mwanafunzi, nikajiandikisha chuoni pamoja na wenzangu wengi, kwa fahari ya vijana wanaopiga kura ya kwanza. Uchaguzi ukapangwa kufanyika tarehe 31 Oktoba, na vyuo vikuu mwaka ule vikafunguliwa baada ya uchaguzi. Siku ya kura nilikuwa hapa nyumbani, juu kidogo ya Kwa Sadala, na jina langu likiwa Dar es Salaam. Ilikuwa Jumapili. Bibi yangu, aliyekuwa na umri wa miaka sabini, alikwenda kituoni kwanza ndipo akaenda kanisani. Aliporudi alinikuta nimekaa chini ya mparachichi.

"Kadi yako iko wapi?"

Nikamwonyesha.

"Na jina lako liko wapi?"

"Liko Dar es Salaam, Bibi."

"Sasa wewe unafanya nini huku?"

Sikuwa na jibu. Mwaka ule watu zaidi ya milioni 20 walikuwa wameandikishwa nchini, na waliopiga kura hawakufika asilimia 43. Sisemi kwamba wote waliobaki walikuwa wanafunzi na walimu waliohamishwa. Nasema tu kwamba najua jina la mmoja wao.

Bibi hakuwa mtu wa siasa. Lakini alikuwa amepiga kura tangu mwaka 1965, na katika mlima huu kura haikuletwa na ndege juzi. Mwaka 1951 Wachagga walipiga kura kumpata Mangi Mkuu, na Ndugu Thomas Marealle akawashinda mamangi wakubwa wa wakati ule, akatawazwa Januari 1952. Miaka minane baadaye watu wale wale walichoka. Ndugu Solomon Eliufoo, mwana wa Machame, akaongoza chama kilichodai kwamba mkuu wa Wachagga awe mtu wa kuchaguliwa kwa muda maalum na si mtawala wa maisha. Mwaka 1960 jambo hilo lilipelekwa kwa wananchi, na kwa kura zao nyingi umangi mkuu ukaondoka. Eliufoo akachaguliwa kuwa Rais wa Wachagga, na baada ya Uhuru akawa Waziri wa Elimu. Naomba walimu waitazame habari hiyo kwa makini. Ni mara chache katika Afrika ya wakati ule watu walimpandisha mkuu kwa karatasi na wakamshusha kwa karatasi, bila panga kutoka alani.

Sasa nije kwenye swali la mwalimu mzee.

Wasomaji wengi wanajua kwamba mwaka 1958 TANU ilikutana Tabora kuamua kama itashiriki uchaguzi wa Kura Tatu. Masharti yale yalikuwa ya dharau. Mpiga kura alitakiwa awe na mapato ya pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kilichotajwa katika sheria. Na akishaandikishwa alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, la sivyo kura yake imeharibika. Katika nchi ya watu wanaokaribia milioni tisa, walioandikishwa hawakufika laki moja. Aliyekuwa na elimu hiyo alikuwa nani? Alikuwa mwalimu, karani, mganga msaidizi. Na watu hao hao, wale walioajiriwa serikalini, walikuwa wamekatazwa na waraka wa mwaka 1953 kuwa wanachama wa chama cha siasa. Mwalimu Nyerere naye, aliyekuwa akifundisha Pugu, ilimbidi mwaka 1955 achague kati ya chaki na chama.

Tabora palikuwa na wajumbe waliotaka uchaguzi ule ususiwe, na hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Ndugu Zuberi Mtemvu aliondoka TANU kwa ajili hiyo akaunda chama chake. Walioshinda mjadala walisema kwamba sheria mbaya inaweza kutumiwa na watu walioandikishwa, lakini haiwezi kutumiwa na watu waliokaa nyumbani. Wakajiandikisha wachache waliokuwa na sifa, na wagombea walioungwa mkono na TANU wakashinda kila mahali, hata katika viti vya Waasia na Wazungu. Jimbo letu la Kaskazini likampeleka Bi Sophia Mustafa wa Arusha katika Baraza la Kutunga Sheria.

Ningeweza kuishia hapo, nikamwambia mwalimu mzee: "Unaona? Jiandikishe." Wengi huishia hapo. Lakini haitakuwa haki, kwa sababu mwaka 1958, pamoja na ubaya wote wa sheria ile, TANU iliruhusiwa kusimamisha watu wake. Aliyeandikishwa alikuta jina analolitaka katika karatasi.

Tusome ukurasa unaofuata, ambao husomwa mara chache. Katika uchaguzi wa mwaka 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Katika viti hivyo 71, viti 58 havikuwa na mpinzani, kwa hiyo sehemu kubwa ya wananchi hawakupiga kura kabisa. Mbunge wao alipita na wao wakiwa shambani. Chama kingeweza kusherehekea. Badala yake viongozi wake waliliona jambo lile kuwa ni kasoro. Tume iliyoongozwa na Ndugu Rashidi Kawawa ilipokaa kuandaa katiba ya chama kimoja, moja ya kazi zake kubwa ilikuwa kutafuta njia ya kumrudishia mwananchi uchaguzi wake. Matokeo yake yalikuwa uchaguzi wa mwaka 1965: wagombea wawili katika jimbo, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba, wakisimama jukwaa moja, wakikatazwa kutaja kabila, dini au rangi, na wakitakiwa kusema Kiswahili peke yake. Mawaziri walianguka. Ndugu Paul Bomani, Waziri wa Fedha, alishindwa Mwanza, na serikali haikuanguka pamoja naye. Bibi alikuwa akisema kwamba mwaka ule alipiga kura ya jembe kwa sababu nyumba alikuwa tayari anayo. Sijui kama alitania.

Mfumo ule ulikuwa na mipaka yake, na nchi iliuacha mwaka 1992. Lakini wazee wale walikuwa wamefahamu jambo moja: kura isiyo na wa kushindana naye humnyima mwananchi uchaguzi, na humnyima mshindi ushahidi kwamba anapendwa.

Mimi ni mwandishi wa gazeti la Chama, na sioni sababu ya kulificha hilo. Kwa hiyo naandika kwa Chama changu kwanza. Mwaka 2019, baada ya wagombea wengi wa upinzani kuenguliwa na vyama vyao kujitoa, tulichukua zaidi ya asilimia 99 ya vijiji. Mwaka 2024 tulichukua tena kiasi hicho. Mwaka 2025 chama kikuu cha upinzani hakikuwemo katika karatasi ya kura, na mwenyekiti wake alikuwa mahabusu kwa shtaka la uhaini. Siku ya kura kulikuwa na maandamano na watu wakafa, intaneti ilizimwa, Dar es Salaam ikawekwa amri ya kutotoka nje usiku. Mshindi alitangazwa kwa karibu asilimia 98. Waangalizi wa SADC na wa Umoja wa Afrika, ambao si watu wa kutafuta ugomvi nasi, walisema uchaguzi haukufikia viwango ambavyo nchi zetu zenyewe zimekubaliana. Mwezi Novemba 2025 Rais aliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Mtumishi wa umma anayesoma makala hii alikuwepo nchini siku zile na ana macho yake. Kumwambia kwamba tatizo lake kubwa ni kadi iliyobaki Tabora ni kumfanya mtoto.

Hata hivyo kadi ile nayo ni tatizo lake, na hapa ndipo ninapotofautiana na mwalimu mzee. Jimbo hili la Hai limekwenda upinzani na kurudi CCM zaidi ya mara moja tangu vyama vingi vilipoanza. Halikwenda wala kurudi kwa malalamiko ya barazani. Siku ambayo karatasi ya kura itakuwa na majina ya kutosha, na naamini haina budi kufika, atakayekuwa na sauti ni yule ambaye jina lake lipo kituoni. Daftari haliandikwi siku hiyo. Huandikwa mapema kabla, katika siku saba ambazo hakuna anayezikumbuka. Anayengoja mpaka uchaguzi uwe mzuri ndipo ajiandikishe atakuta mlango umefungwa.

Kuna jambo jingine linalowahusu ninyi kuliko watu wengine wote. Nani huketi nyuma ya mtambo wa kuandikisha? Nani huwa msimamizi wa kituo, karani mwongozaji, mwenye kufunga sanduku na kujaza fomu ya matokeo? Mara nyingi ni mwalimu, ni mtumishi wa halmashauri. Mjadala kuhusu wakurugenzi wa halmashauri kusimamia uchaguzi umefika mpaka Mahakama ya Rufani, na sheria ya mwaka 2024 imebadilisha maneno kuhusu nani anaweza kuteuliwa. Lakini chini kabisa, katika chumba cha darasa kilichogeuzwa kituo, hakuna mahakama. Kuna mwalimu anayefahamika kwa jina na wazazi wote wa pale. Akiandika namba isiyo ya kweli katika fomu, kesho yake asubuhi atasimama mbele ya watoto wa watu hao hao kuwafundisha kujumlisha.

Nina pendekezo moja dogo kwa ofisi za utumishi katika halmashauri zetu. Barua ya uhamisho hutaja kila kitu: kituo kipya, tarehe ya kuripoti, posho ya kujikimu, mizigo. Iongezwe sentensi moja kumkumbusha mtumishi ahamishe taarifa zake katika Daftari la Kudumu uboreshaji utakapofika alikohamia. Haitagharimu shilingi moja. Na wenyeji wa mlima huu wanaofanya kazi Dar es Salaam, Mwanza na Dodoma, ambao kila Desemba hujaa barabara hii mpaka Kwa Sadala pasipitike, waamue jina lao likae wapi. Desemba migomba ina watu, Oktoba ina wazee. Mtu hawezi kuandikishwa Masama kwa mapenzi na kuishi Mbagala kwa kazi, kisha akashangaa kwamba hapigi kura popote.

Ninyi pia ndio mnaoweza kusoma daftari la awali linapobandikwa. Kuanzia tarehe 1 Mei, 2025 lilibandikwa vituoni kwa zamu katika mikoa, ili watu walikague, wasahihishe na kuweka pingamizi. Nilikuwa nyumbani zilipofika siku zetu. Nikaenda kituoni na baba mdogo, ambaye ndiye mpiga kura wa pale. Hapakuwa na foleni. Tulikuwa sisi wawili, karani mmoja na mbuzi wa jirani. Baba mdogo alilipata jina lake, akaridhika. Mimi nikaendelea kushuka na orodha, ukoo kwa ukoo, na huko chini nikalikuta jina la Bibi, limeandikwa sawasawa, na tarehe yake ya kuzaliwa. Alifariki mwaka 2021. Tulimzika vizuri, tukatoa taarifa kanisani, kwenye chama cha ushirika na kwa ndugu wote hadi Nairobi. Katika familia yenye watu wanne wenye shahada hakuna aliyekumbuka kutoa taarifa daftarini, na kwa miaka minne jina lake lilikuwa limekaa pale, tayari kupigiwa kura na yeyote ambaye angelitaka.

Baba mdogo akamweleza karani kwamba mama huyu ni marehemu. Karani, binti mdogo mwenye adabu, akatoa fomu, akauliza kama tuna uthibitisho. Baba mdogo akageuka, akanyoosha mkono kuelekea migombani, ng'ambo ya barabara ya vumbi, ambako msalaba wa saruji ulikuwa ukionekana kutoka pale tulipokuwa tumesimama.